Hata lini, Ee Bwana? Kuomba katika miezi ya ghala tupu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tuko katika miezi migumu ya nyanda zetu. Kuanzia Januari hadi Machi, iwe Mufindi, Njombe, Makete au Mbozi, mvua inanyesha na mashamba ni ya kijani, lakini ghalani yamebaki magunzi. Mahindi ya msimu uliopita yamekwisha, na mapya ni mpaka Juni au Julai. Ada na michango ya shule inadaiwa, mbolea ya kukuzia imemaliza akiba, na kikoba kinasubiri rejesho. Ni miezi hii ambapo waumini wengi huacha kuomba bila mtu kujua. Ibadani wanakuja, kwaya wanaimba. Ila nyumbani wakipiga magoti hawana la kusema isipokuwa "asante Bwana kwa yote", na moyoni hakuna shukrani.

Maombi ya namna hiyo yanachosha kuliko kulima. Na tunayaendeleza kwa sababu tumefundishana kwamba kumlalamikia Mungu ni kukosa imani, tukiwataja Waisraeli jangwani. Tusome vizuri. Kumbukumbu la Torati 1:27 inasema walinung'unika hemani mwao, wakisema Bwana amewachukia. Walimsema Mungu wakiwa wao kwa wao. Yeye mwenyewe hawakumwendea. Daudi alipoumia, alimwendea.

Zaburi ya 13 ni fupi, aya sita tu. Aya ya 1 na ya 2 ni malalamiko, na "hata lini" inarudiwa mara nne. Aya ya 3 na ya 4 ni haja: "uangalie, uniitikie". Aya ya 5 na ya 6 ni tumaini. Angalieni kwamba kati ya aya ya 4 na ya 5 hakuna kilichobadilika. Adui bado yupo, jibu halijaonekana. Daudi anafika kwenye tumaini akiwa amepita katika malalamiko, hakuyaruka.

Iombeni hivi. Tafuta dakika kumi na tano, watoto wakiwa wamelala au kabla hawajaamka. Soma aya mbili za kwanza kwa sauti inayosikika masikioni mwako, kisha simama, useme "hata lini" zako mwenyewe. Usimwambie Mungu "changamoto za maisha". Mwambie: Bwana, hata lini nitawaambia watoto unga unakuja wakati najua hauji? Hata lini nitapita njia ya nyuma ili nisikutane na mwenye duka anayenidai? Taja kiasi, taja jina la mtoto. Kisha soma aya ya 3 na ya 4, uombe haja moja tu, ya leo. Ukiorodhesha kumi, utaondoka umebeba zote kumi. Mwisho soma aya ya 5, ukumbuke jambo moja ambalo Mungu alikutendea, lenye mwaka na mahali. Likikosekana, soma aya kama ilivyo, ufunge Biblia. Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa, na bado imo ndani ya Biblia.

Makosa ni yale yale kila mwaka. Wengine wanakimbilia aya ya 6 kwa sababu malalamiko yanawatia hofu, na wiki ya pili wanarudi kwenye maombi makavu. Wengine wanabaki aya ya 1 na ya 2 miezi mitatu bila kuomba haja yoyote. Huyo asiombe peke yake, aketi na mwenzake. Na kuna wanaoipima imani yao saa nne usiku, baada ya kushinda shambani na uji wa asubuhi tu. Eliya alipotamani kufa chini ya mretemu (1 Wafalme 19), kabla ya kuulizwa lolote alilala, akala, akanywa maji, akalala tena, akala tena. Kama usiku umechoka, lala, omba alfajiri. Mtu asiyepata usingizi kwa wiki kadhaa, au anayefikiria kufa, mchungaji aambiwe na hospitali aende. Vyote viwili, siyo kimoja.

Wale wanaosema njia haitafunguka mpaka upande mbegu ya fedha, msiwape hela ya mbolea. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, haukuondolewa, na Bwana hakumdai sadaka zaidi. Alimwambia, "Neema yangu yakutosha."

Kwa viongozi wa jumuiya: debe moja la mahindi linaisukuma familia ya watu watano kama wiki moja. Sado tano zinajaza debe. Kaya tano zenye nafasi zikitoa sado moja moja kila wiki, kuna nyumba itakayokula. Yapelekeni jioni, yasitangazwe ibadani, maana aliyetangazwa mara moja mwakani ataficha njaa yake.

Wiki hii tusome Zaburi ya 13 kuanzia Jumatatu hadi Jumatano, Zaburi ya 88 Alhamisi, na Habakuki 3:17–19 Ijumaa na Jumamosi. Mkikutana kwenye jumuiya, kila mmoja aje na "hata lini" moja anayoweza kuisema mbele ya wenzake, na wenzake waipokee bila kumhubiria.