Bibi, piko na kile kidude cha kidoleni
Juzi bibi alibanwa na kifua, tukampeleka zahanati hapahapa Tanga, nesi akambana kidoleni kile kidude chenye taa nyekundu cha kupimia oksijeni ya damu, namba hazieleweki, akaguna, "Bibi, hii piko! Ngoja nilete cha sikioni." Katoka harusini jamani, vidole vyeusi tii.

Nikaenda kusoma. Kumbe kinapitisha mianga miwili, mwekundu wa nanomita 660 hivi na infraredi ya 940 ambayo huioni, sasa damu yenye oksijeni inameza zaidi infraredi, isiyo nayo inameza zaidi mwekundu, kinalinganisha ile sehemu inayopandashuka na mapigo ya moyo tu, ndo unaona oksijeni asilimia 97 au 88. Akili hiyo ya kufuata mapigo ni ya Mjapani Takuo Aoyagi, miaka ya 1970. Piko nayo inameza mwanga, kinaweza kuchanganyikiwa.

Kinachoniudhi mie ni hiki, utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwa wagonjwa weusi mara nyingine kinasoma juu kuliko hali halisi, yaani mtu anaishiwa pumzi mashine inasema yuko poa! Na vidole vya baridi pia vinakizingua, visugue kwanza.