Jinsi nilivyotatua siti za basi kujijaza zenyewe (Python)

Jamani kulikuwa na kaprogramu ka kubuku siti za basi, mistari 10, kila mstari siti 4. Sasa ukibuku siti ya dirishani mstari wa kwanza tu, siti za dirishani za upande ule zote zinajaa mpaka nyuma kabisa! Nikahisi lupu (ile sehemu ya kodi inayojirudia) ndo ina shida, nikaweka print kila kona nione kinachoendelea, wapi, lupu iko freshi.

Kumbe tatizo liko juu huku:

siti = [[0]*4]*10

Ukiiangalia unaona listi (orodha) 10 za ndani, moja kwa kila mstari, ila ukweli ni listi moja imetajwa mara 10, yaani watu kumi na daftari moja, akiandika mmoja wote wanasoma hichohicho. Nilijua baada ya kuprinti id(siti[0]) na id(siti[5]), yaani namba ya utambulisho ya kila listi, nikakuta namba ileile. Ile *4 ya ndani haina neno, 0 ni namba na namba haibadiliki ndani kwa ndani, unaweka nyingine tu mahali pake.

Nikaandika hivi:

siti = [[0]*4 for _ in range(10)]

Kila mzunguko unazaa listi mpya, ikatulia.

Ila nilipotaka kutunza hali ya zamani ili abiria aweze kughairi, siti.copy() ikazingua tena, maana inakopi listi ya nje tu, za ndani bado zinasheawa. Hapo dawa ni import copy halafu zamani = copy.deepcopy(siti), hiyo inakopi mpaka listi za ndani. Ni nzito kidogo kwa data kubwa lakini kwa basi moja wala huisikii.