Mwezi gani, Mama? Ripoti ya dagaa hatimaye imekubali

Imekubali! Saa tano usiku, umeme umekatika, laptopu imebaki asilimia 9, na salio la mitumbwi yote 11 limelingana na daftari. Karibu yote, nitafika huko.

Mradi ni uleule: mfumo mdogo wa hesabu wa mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla hapo soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Anawatangulizia wenye mitumbwi wa kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, pesa ya mafuta na nyavu, wao wanalipa kwa magunia. Skrini, nywila na nakala rudufu nayaruka, hayakunisumbua. Kilichonila wiki sita ni ripoti moja.

Siku ya kwanza Mama aliniambia, "Mwanangu, mimi nataka mahesabu ya mwezi tu, mengine yako." Nikaandika: ripoti ya mwezi, tarehe 1 hadi 30 au 31. Nikaona nimepewa kazi ya mteremko.

Mtumbwi mmoja ukachukua 300,000 tarehe 18 Juni, ukaleta mzigo tarehe 3 Julai. Ripoti ya Juni ikamfanya mwenye mtumbwi mdaiwa sugu. Ya Julai ikasema Mama ndiye anadaiwa. "Huyu tumemalizana, hanidai simdai. Hiyo simu yako inanigombanisha na watu." Nikaongeza kitufe cha kuchagua tarehe, kuanzia lini hadi lini. Hakukigusa hata mara moja.

Nilipokwenda tena kumwuliza, ilikuwa pilikapilika tupu, magunia yanashuka, hana nafasi. "Njoo mwezi ukiwaka, baba, tutakaa." Nikaondoka. Nimefika barabarani ndipo likanigonga. Mwezi ukiwaka! Alikuwa anasema mwezi wa juu angani, mimi nimeandika mwezi wa kalenda. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikishika taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, na hapo ndipo watu wanakuja kukaa chini na kufanya hesabu. Biashara nzima inahesabiwa kwa giza: giza hili, giza lililopita. Nimekulia Mwanza, sina pa kujificha.

Basi nikafanya kosa la pili, la kijuaji zaidi. Nikaandika msimbo wa kukokotoa mwezi mwandamo: siku 29.53, unaanzia mwandamo unaojulikana, unajumlisha. Ulikuwa msimbo mzuri, niliupenda. Hata ilinifurahisha kuona mwaka mmoja unaweza kuwa na giza 12 au 13, maana mizunguko 12 ni siku 354 hivi, ndiyo maana Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Lakini upepo wa ziwani hausomi msimbo wangu. Mtumbwi mmoja ukachelewa siku tatu, mzigo wake ukaangukia giza lisilo lake, na deni likazaliwa upya. Nikapachika kiraka cha siku mbili za huruma, kikaharibu mitumbwi mingine miwili.

Jibu lilikuwa kwenye simu yangu tangu siku ya kwanza. Nilipiga picha kurasa za kauntabuku la Mama, kisha sikuzifungua tena. Juzi nimezifungua: hakuna jina la mwezi popote. Kuna mstari wa wino mwekundu, na chini yake "baki la nyuma". Mstari anauchora yeye, siku anayoamua kwamba giza limekwisha.

Nikafuta hesabu yote ya mwezi (iko kwenye Git, inayotunza matoleo ya zamani ya msimbo, sikulia sana). Sasa giza ni jedwali lake lenyewe. Mama anabonyeza kulifungua, anabonyeza kulifunga, na kila ingizo linabeba namba ya giza lake badala ya kukisiwa kwa tarehe. Simu ya kijana wa dukani ikizima siku mbili, maingizo yake yakafika baada ya kufunga, giza halifunguliwi tena: yanaingia giza jipya kama baki la nyuma, yakionyesha yalikotoka. Mistari 40 hivi, badala ya 300 na ushee.

Majaribio nimeyaandika kwa kuchapa kwa mkono kurasa za giza nne za zamani kutoka kwenye daftari. Inachosha, lakini naamini kurasa hizo kuliko data yoyote ya kubuni. SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu, inatosha kabisa kwa kazi hii. Anayenishauri seva tatu aje kwanza Mwaloni na bando lake. Ubao wa kadi na mizunguko ya wiki mbili, ambavyo waandishi wa programu hupangia kazi, nimeviacha pia. Kwenye giza hakuna mtu wa kunisikiliza, kwa hiyo kazi mpya naipeleka mbalamwezi, Mama akiwa na kiti na muda.

Nilipanga wiki hii nianze kuufundisha mfumo kusoma ujumbe wa malipo ya simu. Sijaanza, kwa sababu ya ile "karibu". Mtumbwi mmoja unatofautiana na daftari kwa 14,000. Nilidhani Mama kakosea kujumlisha, nikamwonyesha kwa adabu. Akacheka: gunia lililowa, akalirudisha, wakapunguziana kwa mdomo. Halikuandikwa popote, ila salio limeandikwa sawa. Mfumo wangu haujui kurudisha gunia. Hata kitufe chake sijui nikiite nini, nitamwuliza kwanza yeye anakuitaje.