Siku moja kwenye benchi la progranulini, Moshi

Saa 1 asubuhi. Hapa tunapima progranulini, protini iliyomo kwenye damu. Friza kwanza: isome nyuzi hasi 80, iandikwe daftarini, kisha mafuta ya jenereta.

Saa 2:30. Damu kutoka kliniki zinaingia. Tunapokea tyubu ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu kuganda. Ya kijani inarudi, maana heparini iliyomo huvuruga PCR, njia ya kunakili DNA maabara, na damu hiyohiyo tunaihitaji kwa vinasaba. Inazungushwa dakika 10, plazma, yaani majimaji ya damu yanayobaki juu, inagawanywa kwenye vityubu vidogo ili kila kipimo kiyeyushe kimoja tu. Utando mweupe wa katikati haumwagwi. Seli zake ndizo zenye DNA.

Boksi la Arusha linafika saa 5 badala ya saa 3. Barafu imekuwa maji, na tyubu mbili hazina saa ya kutolewa damu. Zinakataliwa. Mgonjwa atachomwa tena, na lawama zitakuja kwetu, lakini plazma usiyojua imekaa muda gani haitoi namba ya kuaminika.

Namba hiyo ni nzito. Wanaopimwa wametoka familia ambamo mtu wa miaka 50 na kitu, mpole siku zote, ameanza kutukana wageni, kuchukua vitu dukani bila kulipa, au maneno yanamkimbia. Mtaani wanasema karogwa. Kumbe sehemu ya mbele na pembeni ya ubongo inakufa, ugonjwa uitwao demensia ya frontotemporali, na katika baadhi ya familia chanzo ni kasoro kwenye jeni ya GRN, inayobeba maelekezo ya kutengeneza progranulini, kwenye kromosomu 17, iliyohusishwa na ugonjwa huu mwaka 2006. Tuna nakala mbili za jeni hiyo. Kasoro nyingi huweka alama ya kukomea kabla ya mahali pake kwenye ujumbe unaonakiliwa kutoka jeni hiyo. Seli huugundua ujumbe huo mbovu na kuuharibu. Inabaki nakala moja kufanya kazi ya mbili, na progranulini ya damuni hushuka, mara nyingi chini ya nusu ya kawaida.

Saa 6 mchana, ELISA, kipimo kinachoonyesha kiasi cha protini kwa rangi. Sahani ina vishimo 96, na kila sampuli inapata viwili. Vitendanishi, yaani kemikali za kipimo, vikae nje ya friji nusu saa kwanza; vikiwa vya baridi, vishimo vya pembeni hupata joto haraka kuliko vya kati na namba zinaachana. Plazma inazimuliwa mara 100 au zaidi, kadiri maelekezo ya pakiti ya kipimo yanavyoagiza. Kosa dogo la pipeti hapo linazidishwa mara hizohizo. Kisha kuosha: jaza, mwaga, gonga sahani juu ya karatasi, rudia. Mkono unauma. Ukiharakisha, kimeng'enya kinacholeta rangi kinabaki na kuipandisha, na mtu mwenye upungufu anaonekana mzima. Rangi ya buluu inakuzwa gizani, asidi inaigeuza njano, mashine inasoma kwenye nanomita 450.

Kijana anakuja dirishani wakati huo. "Shikamoo dada. Baba alikutwa na ile kasoro. Mimi nimeshatoa damu, nipe namba tu." Anarudi mara ya pili, ya tatu. Ana haki ya kuwa na wasiwasi: kila mtoto ana nafasi 50 kwa 100 ya kurithi. Lakini haipati dirishani. Kiwango cha chini lazima kithibitishwe kwa kusoma jeni yenyewe. Cha kawaida hakifuti kasoro za jeni nyingine, MAPT na C9orf72, zinazoleta ugonjwa huuhuu bila kushusha progranulini. Na hata kasoro ikithibitishwa, haisemi ataugua lini. Ndugu wa damu hupishana kwa miaka mingi. Mambo hayo anaelezwa akiwa ameketi na mshauri, kabla ya kuamua kama anataka kujua. Anaondoka amekasirika.

Jioni, macho mazito, mchirizo wa viwango, yaani grafu ya sampuli zenye kiasi kinachojulikana, umekaa vizuri. Sampuli moja vishimo vyake viwili vimepishana zaidi ya asilimia 15. Hairipotiwi. Kityubu chake cha pili kinawekwa kwenye orodha ya kesho, na friza inasomwa tena.