Hawatafutwi ufukoni

Januari, Formby, kwenye pwani ya Uingereza. Treni ya kutoka Liverpool ilinishusha saa nne asubuhi. Mkobani nina chekeche, sinia jeupe la plastiki na chupa ya chai. Vidole viliingia ganzi hata kabla sijafungua zipu.

Nilikuja kutafuta mbawakawa. Nilianzia pale maji yanapoacha mwani na mbao yakishakupwa. Kiangazi, ukiinua gogo hapo, waweza kumkuta Broscus cephalotes, mbawakawa mweusi mwenye taya za kutisha. Leo nimeinua magogo kumi na moja: mchanga, mchanga, kiatu cha mtoto, mchanga.

Nikapanda kwenye vilima vya mchanga. Majira haya mbawakawa hawatafutwi ufukoni, wanatafutwa kitandani, na kitanda chao ni mashina ya zile nyasi ngumu zinazoushika mchanga usipeperuke. Unalipanua shada taratibu, unalikung'uta juu ya chekeche, kisha unalitazama sinia. Mwanzoni huoni kitu ila makapi. Wadudu wamekauka kwa baridi, hawajongei. Nililipulizia sinia pumzi ya moto, nikanywa chai, nikasubiri. Kapi moja likaota miguu.

Urefu wake kama milimita tano, rangi ya majani makavu, na doa jeusi nyuma ya mgongo. Hilo doa ndilo lililonipeleka huko. Mwaka jana, kwenye kumbukumbu za wadudu, niliandika kwa haraka zangu kwamba nimemwona mwenye doa hili, Demetrias monostigma. Mhakiki wa kumbukumbu hizo akaomba picha, na picha ikaniumbua: alikuwa ndugu yake, Demetrias atricapillus, asiye na doa lile. Safari hii nimempiga picha nane. Rekodi inataka mambo manne tu: nani kaona, kaona nini, wapi, lini. Jina la mdudu lilinichukua mwaka mzima.

Nikamrudisha shinani, nikazibana nyasi kama zilivyokuwa. Najisikia vibaya kila mara. Ni kama kumfunua mtu shuka usiku.

Saa kumi jioni jua lilikuwa linaelekea kuzama. Nikiwa kituoni Mama akapiga simu kutoka Tanga.

"Ulikuwa wapi siku nzima?"

"Pwani, Mama."

"Kuogelea, na baridi hiyo?"

"Natafuta wadudu."

Akanyamaza kidogo. "Kwani waliwa hao?"