Msimu wa viwanja vidogo, 2023/24

Jumamosi ya Mei 11, 2024 Gateshead, timu ndogo ya kaskazini mwa England, wamechukua FA Trophy, kombe la timu zilizo chini ya ligi nne za juu, pale Wembley, 2–2 na Solihull Moors mpaka kwenye penati, na mi tangu siku hiyo kichwani nina kitu kimoja tu, kwamba hawa jamaa walimaliza nafasi ya sita kwenye ligi yao, yaani walikuwa na haki kabisa ya kucheza mtoano wa kupanda League Two, yaani daraja la nne, na wakazuiwa. Hawakuchezesha mamluki, hawakuvamia refa. Walizuiwa kwa sababu uwanja wanaochezea sio wao, ni wa halmashauri, na ligi ya juu ilikuwa inataka uhakika wa maandishi kwamba utakuwa na pa kuchezea kwa miaka 10 mbele, na huo uhakika haukupatikana. Basi. Mechi 46 za msimu mzima zimeishia kwenye makaratasi ya upangaji.

Nilikuwa nataka niandike kuhusu msimu wangu wa kuzurura kwenye hizi timu ndogo za huku, ila naona hili la uwanja ndo litabeba kila kitu, kwa sababu kila nilikoenda, mazungumzo yalikuwa yanarudi hapohapo.

Kwa ndugu zangu wa nyumbani ambao mpira wa Uingereza mnaujua kwenye kibanda umiza, niwaeleweshe kidogo. Zile ligi nne za juu zina timu 92. Chini ya hapo ndo inaanza dunia nyingine wanaiita non-league, ya kwanza inaitwa National League, timu 24, hiyo ni daraja la tano, chini yake kuna ya Kaskazini na ya Kusini, halafu zinafuata za kanda, zinashuka hivo hivo mpaka unafika kwenye timu za vijijini. Juu kabisa huko wapo wachezaji wanaolipwa mpira tu, lakini ukishuka hatua mbili tatu unakutana na fundi bomba, mwalimu, dereva wa vani, ametoka kazini saa kumi jioni na mechi ni saa mbili kasorobo usiku Jumanne. Na unaweza kupanda kutoka chini mpaka juu kabisa, hakuna ukuta, japo kutoka National League kwenda League Two msimu huo wa 2023/24 zilikuwa zinapanda timu mbili tu, na wenyewe walikuwa wanadai ziwe tatu kwa muda mrefu.

Mi nakaa magharibi mwa London, kazi zangu za shifti, na tiketi za Premier League kiukweli kwa mshahara wa kwangu ni kitu cha kufikiria mara mbili, na hata ukiwa na hela inabidi uwe mwanachama, upange foleni kwenye kompyuta, ukae kiti ulichopangiwa kule juu. Mpira ulionilea mimi ni wa ndondo, ule wa mtaani. Kiwanja cha Kinesi kule Dar jioni, umesimama pembeni ya chaki, winga akipita unasikia pumzi yake, ukimwambia kitu anakujibu. Sikujua kama huku upo. Upo, basi tu hautangazwi.

Timu niliyoifuata zaidi ni Wealdstone, wanacheza Grosvenor Vale huko Ruislip, wenyewe wanajiita the Stones. Uwanja uko katikati ya nyumba za watu, unatembea mtaa wa kawaida kabisa unaona taa zinachomoza juu ya mapaa ndo unajua umefika. Hii timu imetoa watu wenye majina: Stuart Pearce alikuwa beki wao huku ni fundi umeme, akaondoka 1983 kwenda Coventry na baadae akawa nahodha wa England. Vinnie Jones alikuwa kibarua wa ujenzi, akanunuliwa na Wimbledon 1986, miaka miwili baadae ana medali ya Kombe la FA. Mwaka 1985 Wealdstone walibeba ubingwa wa ligi yao na FA Trophy msimu mmoja, timu ya kwanza kufanya hivo, na hawakupanda, kwa sababu kipindi kile bingwa wa non-league hakuwa anapanda moja kwa moja, huo utaratibu ulikuja kuanza 1987.

Halafu 1991 uwanja wao wa Lower Mead pale Harrow ukauzwa. Sasa hivi ni supamaketi, Tesco. Nimeenda kupaona, nilitaka tu kusimama pale. Watu wanasukuma vitoroli, wanapakia mizigo kwenye magari, kawaida tu. Timu ikaanza kuhamahama, mara Watford, mara Yeading, mara Edgware, mara Northwood, kila mahali ni mpangaji, mpaka 2008 ndo wakapata hapa Ruislip. Miaka 17! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule uwanja unauzwa alikuwa kidato cha tano timu inapata kwao. Na bado kuna watu waliifuata kote huko. Mzee mmoja ambaye tunasimama naye nyuma ya goli nilimuuliza alivumilia vipi, akanijibu kwa upole tu kwamba Jumamosi ilikuwa inafika kila wiki, sasa angeenda wapi.

Agosti huwa naipenda kuliko mwezi wowote kwa sababu ndo Kombe la FA linaanza, na sio lile la Januari la kwenye TV, hili la raundi za awali kabisa, timu ndogo kwa ndogo, jua bado kali, nyasi bado za kijani, na kila mtu pale anaamini. Hapo nikawa nakwenda Hanwell Town pale Perivale. Jezi zao nyeusi na nyeupe za mistari, jina la utani the Geordies, nikajiuliza imekuaje timu ya London ijiite hivo, nikaambiwa ilianzishwa 1920 na watu waliotoka kaskazini, upande wa Newcastle, waliokuja London kutafuta kazi. Wameacha kwao, wamekuja mjini, kitu cha kwanza wameanzisha timu na kuivalisha rangi za nyumbani. Aisee hii ilinigusa. Sisi huku tuna vikundi vya kuzikana na vya harusi, tuna bonanza la mara moja moja la Bongo na Kenya, lakini kitu cha kudumu miaka 100 ambacho mjukuu atakikuta na uwanja wake, bado, na sioni kwa nini tusiwe nacho.

Oktoba kuja mpaka Machi ilikuwa mvua. Sio maneno tu, ilinyesha kweli kweli, na huku chini hakuna mitambo ya kupasha joto nyasi wala mifereji ya kisasa, kwa hiyo Jumamosi asubuhi unashika simu unasubiri refa akague uwanja, saa nne, saa tano, halafu linakuja tangazo: umejaa maji, mechi imeahirishwa. Mechi ikiahirishwa hakuna kiingilio, hakuna bia, hakuna chipsi, na hiyo hela ndo ilikuwa ya kulipia basi la safari ya wiki ijayo. Niliona watu wa makamo, hawalipwi chochote, wako uwanjani na mauma ya kuchomea matundu maji yapate kushuka, wanafagia maji kwa mifagio, wengine wametoka shifti ya usiku. Ukitaka kujua klabu ni nini usiende siku ya mechi, nenda saa mbili asubuhi mvua ikinyesha.

Kisha Januari, AFCON, na hapa ndo familia yangu ilianza kunielewa.

Mjomba wangu wa Magomeni ni Yanga lialia. Nikimpigia ni shikamoo mjomba, marahaba, ehee Arsenal wanaendeleaje, nikimwambia nimetoka kumwangalia Wealdstone ananyamaza kidogo halafu anasema "mwanangu, umeenda Ulaya kuangalia daraja la tano?" Kikosi cha Taifa Stars cha kwenda Ivory Coast kilipotoka akanipigia yeye. "Hebu niambie, huyu Tarryn Allarakhia anatoka timu gani?" Nikamwambia mjomba, ndo hiyo ninayokwambiaga kila siku. Na Haji Mnoga naye alikuwa Aldershot Town kwa mkopo kutoka Portsmouth, ligi hiyohiyo. Wachezaji wawili wa timu ya taifa, kwenye mashindano makubwa kuliko yote Afrika, wanatoka kwenye viwanja ambavyo mi nasimama nimeegemea bomba la pembeni. Na sio mara ya kwanza, AFCON ya 2019 kule Misri alikuwepo Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar, katoka kucheza msimu mzima na hao hao Solihull Moors. Mjomba sasa hivi anaulizia matokeo ya Wealdstone kabla ya ya Arsenal, na anayatangaza kijiweni.

Stars wenyewe mnakumbuka, tulifungwa tatu bila na Morocco, moja moja na Zambia ile ambayo Msuva alifunga na wakasawazisha dakika za mwisho mwisho, suluhu na Congo tarehe 24, tukarudi nyumbani. Niliumia. Siku tatu baadae, Maidstone United, timu ya daraja la sita, wakaenda kwa Ipswich ya daraja la pili, raundi ya nne ya Kombe la FA na kushinda 2–1, wamepigiwa mashuti mpaka basi, wao wamepiga mawili na yote mawili ni magoli. Kocha wao wakati huo George Elokobi, Mcameroon. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Ila nisikilizeni habari ya Maidstone. Uwanja wao wa zamani uliuzwa 1988. Mwaka uliofuata wakapanda kuingia zile ligi nne za juu za timu 92, timu haina kwao, inacheza Dartford, ndani ya miaka mitatu imefilisika, 1992 imekufa. Waliobaki wakaanza upya chini kabisa, na ni 2012 ndo wakafungua uwanja wao mjini kwao. Kile kilichotokea Ipswich watu walikiita muujiza, mimi naona kilianza siku ile walipopata kiwanja. Bila pale hakuna watoto wa mji kuingia getini, hakuna kocha kukaa, hakuna chochote.

Hapa mtaani kwangu vilevile. Timu ya Hayes ndo ilimtoa Cyrille Regis, naye fundi umeme, West Brom walimchukua 1977 kwa pauni 5,000 na akaja kuchezea England, na ndo ilimtoa Les Ferdinand kwenda QPR 1987. Waliungana na Yeading 2007, na uwanja wa Church Road alipocheza Regis ulifungwa 2011, sasa ni nyumba. Nyumba zinahitajika, sikatai, mi mwenyewe napanga na kodi najua inavyouma. Lakini nikipita pale naumia sana. Na naumia zaidi nikifikiria Mwananyamala, kile kiwanja tulichokuwa tunacheza mpaka adhana ya magharibi, leo kuna ukuta na magodauni, na hakuna aliyeandika popote kwamba pale palikuwa na timu, tulikuwa na jezi na kapteni na mashabiki wa kutosha, timu ilikufa ndani ya miezi tu kwa sababu hatukuwa na pa kukutana. Wachezaji walikuwepo. Kocha alikuwepo. Tukiongea maendeleo ya soka Bongo tunaongea makocha wa kigeni na usajili wa mamilioni, na viwanja vya mtaani vinakatwa vipande vipande kila mwaka watu wamekaa kimya. Serikali za mitaa zinapaswa kuvipima na kuvipa hati kama viwanja vya michezo, vya kudumu, na klabu za mtaa zikabidhiwe kwa maandishi. Hili nitalisema mpaka nichoke.

Aprili ilikuwa haraka haraka, viporo vya mvua vyote vikarundikwa, timu zinacheza Jumamosi Jumanne Alhamisi Jumamosi na watu asubuhi wanaenda kazini. Katikati ya hapo FA, chama cha soka cha England, wakatangaza kwamba mechi za marudio za Kombe la FA kuanzia raundi ya kwanza zinafutwa, na hii imewauma sana watu wa chini, maana sare moja na timu kubwa na mechi ya marudio inaweza kulipa madeni ya klabu ndogo miaka kadhaa. Wealdstone wamebaki daraja lao, tunashukuru. Bromley, jirani zetu wa kusini mwa London, wamepanda League Two kwa penati, na waliofungwa ni Solihull hao hao, ambao ndani ya wiki moja wamepoteza fainali mbili Wembley zote kwa penati. Sijui wachezaji wale wanalala vipi.

Sasa hivi ni kipindi cha likizo lakini viwanjani kuna kazi: nyasi zinapandwa upya, mabomba yanapakwa rangi, choo cha wageni kinazibuliwa. Nimeshajiandikisha kwenye ile listi ya kupaka rangi. Julai naenda Dar, mjomba ameniahidi tutaenda Kinesi kuangalia ndondo, ameagiza jezi ya the Stones namba yoyote saizi XL, na nikirudi Agosti Kombe la FA litakuwa linaanza tena kule chini. Kama uko London magharibi na Jumamosi huna shifti, nitumie meseji twende wote.