Siku Mama alipopimiwa shamba

Juzi binti yangu, akifanya kazi ya shule, aliniuliza hati ya kimila ni nini. Nikamjibu kwamba ni Hati ya Hakimiliki ya Kimila, karatasi ya kuthibitisha haki ya mtu juu ya ardhi ya kijiji; hapa Tanzania kijiji humpa mtu kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Akaandika, akaendelea na mengine. Mimi nikabaki nawaza kijijini kwetu, Mbozi.

Baba alikuwa ameshafariki. Mama alilima mahindi na maharage tu, na kila msimu alihofia baba mdogo aje kudai shamba la kaka yake. Kisha wapimaji wakaja na GPS. Utaratibu ulitaka mwenye shamba na majirani zake watembee mpakani pamoja, kila mmoja akiri mbele ya kamati. Jirani wa upande wa mtoni alikuwa baba mdogo.

Tulipofika kwenye mparachichi, akasimama. Mpimaji naye akasimama. Mama alikuwa amejifunga kanga kiunoni, kimya, macho hayambanduki shemeji yake. Mwenyekiti akauliza, "Mpaka ni hapa?" Baba mdogo aliutazama ule mti, akatazama chini hadi mtoni, akarudi kumtazama Mama. Nilitamani kumsemea. Mwishowe akasema, kwa sauti ya kusikika na wote: "Ni hapa. Huku ni kwa shemeji." Akatia dole gumba kwenye wino. Mama aliweza kusema "Ahsante, shemeji" tu.

Hati ikatoka kwa jina la Mama. Benki aliyokwenda ilimnyima mkopo: ardhi ya kijiji haiuzwi kwa mtu wa nje bila ridhaa ya kijiji, hivyo waliona dhamana hiyo ngumu kuigeuza fedha. Hata hivyo, mvua zilipoanza alichimba mashimo ya kahawa. Mkahawa humsubirisha mkulima kama miaka mitatu kabla ya mavuno ya maana, na hakuna anayepanda mti mahali anapoweza kuondolewa kesho. Fedha ya kahawa ikanunua mashine ya mkono ya kumenyea, majirani wakawa wanamenya kwake kwa malipo, baadaye akafungua duka la pembejeo.

Kaka yangu anasema ni bei ya kahawa tu, hati haikuleta hata shilingi. Simkubalii. Ila najiuliza kama kilichompa Mama ujasiri ni karatasi ile, au ni maneno ya baba mdogo mbele ya mashahidi. Na sijui kama angewahi kuyatamka bila wapimaji kuja.